Kinyozi Aliyefungua Pazia

"Naweka dau hapa mbele ya wote," Assumani alisema, mashine ya kunyolea ikilia mukononi. "Hakuna hata mumoja wenu ataniamini. Huyu binti munamuona ku télé, huyu wanamuita eti sauti ya Kigoma, iko wa kwetu. Wa Kizuka hapo juu. Mwenye ataniamini, namunyoa bure mupaka Ramadhani."

Hakuna aliyemuamini. Saloni ilikuwa imejaa mupaka mulangoni, na wote walikaza macho ku télé kama watu wanaosikiliza hotuba ya Ijumaa. Mwalimu Mardochée alikohoa. Moussa, mwenye kichwa chake ndicho kilikuwa chini ya mashine, akasema polepole:

"Nyoa, sha. Huyo iko wa Kigoma. Wamesema wenyewe."

Basi Assumani akashinda dau, na akacheka peke yake. Tumuache acheke kidogo, sababu kicheko ile hakikudumu.

Assumani ni kinyozi wa mutaa wa Waswahili, Rumonge, pale njia inapoteremukia ziwani kwenye wamama wanaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Shule aliacha ya sita. Yeye anasema shule ndiyo ilimuacha, ilishindwa kumufuata. Kunyoa anajua, hiyo hata adui yake anakubali. Lakini Rumonge wanyozi wanakaribia kuwa wengi kuliko vichwa, na watu hawakuja kwake sababu ya wembe. Walikuja sababu ya mudomo, na sababu ya télé kubwa aliyoitundika juu ya kioo, na dekoda inayokamata Dar es Salaam na Abidjan pamoja.

Na hapo ndipo vita ilikuwa. Kila siku ya posho, ndiyo jumamosi, saa kumi, mashindano mawili ya kuimba yalitoka saa ile ile, na telekomande iko moja. Kulikuwa Koo la Dhahabu, ya Kiswahili. Kulikuwa Micro Rouge, ya Kifaransa.

Ku Koo la Dhahabu, mwimbaji anatoka mbele, anaulizwa kwao ni wapi, baba yuko ao amekufa. Wanaonyesha nyumba ya bibi yake, mbuzi ya bibi yake, kaburi ya babu. Jaji mumoja anatoa kitambaa anafuta macho. Kisha mutu anaimba kidogo, na wenye inchi wanapiga kura na simu. Ku Micro Rouge hakuna hayo. Kuna pazia nyekundu. Mutu anaimba nyuma yake, hakuna anayemuona, na kila jaji ameshika kamba. Mwenye sauti imemuingia anavuta. Kamba zikivutwa zote, pazia linafunguka, ndipo wanajua kama ni muzee ama kijana, munene ama mwembamba.

Assumani alikuwa mutu wa Micro Rouge mupaka mifupani.

"Koo la Dhahabu ni mashindano ya matanga," alisema kila wiki. "Mwenye hana maiti nyumbani hashindi. Wale wa pazia wanasikiliza koo basi. Utoke Bugarama, utoke Paris, nyuma ya pazia wewe ni sauti tu. Hawaulizi kabila, hawaulizi kwenu."

"Na wewe unasikia wanaimba nini?" Mwalimu Mardochée alimuuliza. "Kifaransa chako kinaishia ku bonjour."

"Bonjour inatosha, Mwalimu. Mutu akishasalimia, yenye kubaki ni kelele."

Watu wakacheka, na Mardochée pia. Huyu Mardochée alikulia kambini Tanzania, akafundisha watoto wa wakimbizi kule, akarudi na wale walioletwa na magari. Sasa anauza vyuma vya baisikeli mulango wa pili. Yeye alipenda Koo la Dhahabu sababu anaelewa kila neno, na sababu, alisema, Kiswahili ile ndiyo ilimulea.

Walibishana hivyo mupaka Eliana alipotokea. Tangu siku ile hakuna aliyegombania telekomande tena. Hata vijana wa Micro Rouge walinyamaza wakaangalia Koo la Dhahabu. Wamama wa ndagala walipanda kutoka ziwani, wakasimama mulangoni na mabeseni ku vichwa, saloni ikanuka samaki kama mutumbwi, na hakuna aliyelalamika. Eliana akiimba, mutu alisikia mupaka inzi akiruka. Akimaliza, hawakupiga makofi. Walivuta pumzi, wakaanza kuongea habari ya mvua.

Assumani aliyaona haya yote kwa macho yake mawili. Akafikiri: kumbe Mwalimu ameshinda, watu wamependa mbuzi ya bibi.

Siku ile ya dau, Eliana alikuwa amesukwa nywele zikapandishwa juu. Akageuza kichwa kumusalimia jaji, na nyuma ya sikio ikaonekana alama, kadogo, kama punje ya haragi, maharagwe. Mashine ya Assumani ikasimama. Kinyozi anasahau majina, anasahau madeni ikiwa ni yake, lakini kichwa hasahau. Kwetu wasichana wa shule wananyolewa fupi kama wavulana, na kichwa ile alikinyoa yeye, miaka na miaka, kila mama yake Clotilda akiteremuka kutoka Kizuka kuuza mawese. Alikuja mutoto mwembamba ametoka kambini kule Tanzania, akasoma hapa, akamaliza, akavuka kwenda kwa shangazi yake Kigoma. Sasa huyu hapa, mu mwanga, anasema, "Mimi nimezaliwa Kigoma."

Mambo mawili yalimuingia Assumani. Moja: anatukataa. Mbili: ni mimi peke yangu nimeona. Na kati ya hayo mawili, la pili ndilo lilimuwasha.

Swala ya magaribi ilipotoka hakungoja hata chai. Alikaa ku benchi ya saloni, akatumia ndugu yake Idi wa Kigoma odio ku watsap, ndani ya kundi la wapenzi wa mupira.

"Ninyi wa Kigoma, acheni kujisifu na vitu vya kuazima," alisema ndani yake. "Huyo munamuita wenu, Eliana, ni Murundi kabisa, wa Rumonge. Mama yake ni Clotilda, anapika mawese Kizuka. Uliza nani alimunyoa akisoma. Ni mimi, Assumani, na mukono huu. Mukitaka ushahidi, muangalie nyuma ya sikio la kushoto."

Akacheka mwishoni, akatuma. Vicheko vikarudi, vidole gumba vikarudi. Alijisikiliza tena mara mbili. Sauti yake ilimupendeza.

Odio ile ilivuka ziwa ikafika Kigoma, kutoka Kigoma ikapanda mupaka Dar, na hakuna mutu aliyeisukuma, ilienda yenyewe kama moto wa majani. Waswahili wanasema mudomo huponza kichwa. Mudomo ulikuwa wa Assumani. Kichwa kilikuwa cha mutoto wa wengine.

Posho iliyofuata ilikuwa nusu-finali. Saloni ilijaa, wamama walisimama mulangoni, Moussa alikuwa tena ku kiti, maana nywele yake inaota kama nyasi za masika. Mutangazaji akatoka amevaa koti ya kung'aa. Akasema Eliana hataendelea. Sheria inasema mashindano ni ya raia wa inchi ile, na wao wamepata habari kutoka kwa watu wanaomufahamu tangu utoto. Akamutakia heri. Ikaingia matangazo ya sabuni.

Mama mumoja wa ndagala alishika beseni yake vizuri akaondoka, na wengine wakamufuata. Moussa akasimama. Upande mumoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, mwingine bado.

"Moussa, haijaisha," Assumani alisema.

"Nimeona," Moussa akajibu. Akakunguta kitambaa, akavaa kofia yake, akatoka.

Walitoka wote hivyo, bila haraka, kama watu wanaotoka msibani. Mwalimu Mardochée alibaki wa mwisho. Alichukua telekomande, akazima, akaiweka chini taratibu.

"Ile odio hata mimi nilitumiwa," alisema. "Nilijua sauti kabla hujataja jina."

Nyumbani, Hadjara muke wake alikuwa anachagua haragi ku sinia. Hakuinua macho.

"Na wewe ulijua kama ni mutoto wa Clotilda?" Assumani alimuuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wengine?"

"Mutaa wote. Wamama wa ziwani, Mwalimu, Moussa. Unafikiri walikuwa wanakuja kunyolewa? Moussa kila wiki?"

"Nani aliwakataza kusema?"

"Nani alihitaji kukatazwa? Mutoto alizaliwa kule Kigoma, kambini, hakudanganya. Yenye kubaki watu waliimeza."

"Na mimi hamukuniambia."

"Tukuambie wewe, baba Sikujua?" Hadjara alisema, akamuita kwa jina la mutoto wao wa kwanza. "Si heri tungepanda ku muskiti tukashika mikro ya azana."

Assumani alitaka kucheka, sababu ilikuwa mzaha muzuri, mzaha ya aina yake kabisa. Hadjara hakucheka. Alitoa jiwe ndani ya haragi, akalitupa nje.

Siku zilizofuata hakuna aliyemutukana. Hiyo ndiyo ilikuwa mubaya. Tusi ungepata la kujibu, na kujibu ni kazi yake. Watu walimusalimia, amahoro, na yeye akajibu amahoro, wakapita. Wateja wapya walikaa, wakanyolewa, wakalipa, wakashukuru, murakoze, wakaenda. Na ubaya wa kazi ya kinyozi ni kioo: siku nzima sura yako iko mbele yako, nyuma ya kichwa cha mutu. Alijaribu kusema ndani ya moyo kama yeye alikuwa anamusifu mutoto. Kila akisema hivyo, mutu wa ku kioo alimuangalia, na Assumani alianza kutafuta kitana.

Mwishowe alienda mulango wa pili.

"Mwalimu, nipeleke Kizuka."

Mardochée alikuwa anafunga cheni. "Utasema nini?"

"Nitasema nilikuwa namusifu."

"Basi tubaki."

Assumani alisimama pale mupaka cheni ikafungwa. "Sijui nitasema nini," alisema.

"Hapo sawa. Leta baisikeli."

Pombe ya kuombea musamaha, kama desturi inavyotaka, Assumani hawezi kubeba, dini yake hairuhusu, kwa hiyo alifunga sukari na chumvi nyuma ya baisikeli yake. Walipanda kati ya michikichi, jua kali, jasho linatiririka. Katikati ya kilima akajaribu mudomo wake.

"Mwalimu, wakinifukuza, sukari iko yako."

Mardochée aliendelea kukanyaga. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Kambini tulijifunza kitu. Ukijua mutu ametoka wapi, hiyo ni yake, wewe umeishika tu. Siku atakayotaka, atasema mwenyewe. Na mimi nilikuwa nafurahi kukusikia, Assumani, ukisifu pazia ile ya Abidjan. Nilisema, huyu ameelewa."

Assumani akazidi kukanyaga. Kilima kilikuwa kirefu, kikamusaidia.

Kwa Clotilda pipa la mawese lilikuwa ku moto. Zamani kilima chote kilijua kama mawese inapikwa, sababu Eliana aliimba akichochea. Siku ile walioliona pipa waliona moshi tu. Eliana, amerudi kwa mama yake, alikuwa amechuchumaa pembeni anasukuma kuni, kitenge kimefungwa ku kichwa mupaka chini ya masikio.

Clotilda alitoa viti. Alimusalimia Mardochée kwanza, kisha Assumani, mikono miwili, kama mugeni yeyote. Sukari aliipokea akashukuru. Eliana akaleta maji ya kunywa.

"Kaka Assumani, karibu. Bado munaangalia ku saloni?"

"Tumezima," Assumani alisema. Hakuna aliyemukataza kuwasha. Mwalimu ndiye aliizima siku ile, na yeye mwenyewe hakuiwasha tena.

"Micro Rouge iko nzuri," Eliana alisema. "Nyuma ya pazia hawakuulizi. Ningeenda ile. Lakini Kifaransa nilikikuta hapa nikiwa mukubwa, hakikuniingia. Kuimba neno usiloelewa ni kama kula na mukono wa mutu." Alisema bila hasira, kama anaeleza njia. Akachukua kikombe, akarudi ku moto, na Assumani akabaki anaangalia kitenge ile ilivyoziba masikio yake yote mawili, mu jua ya saa nane.

Alifungua mudomo. Maneno yote ya kumusifu yalikuwa pale, na ya ndugu yake Idi, na ya kundi la mupira, ya kusema hakujua itafika Dar. Clotilda alimungoja. Aliifuta mikono yake yenye mafuta ku nguo, kidole kwa kidole.

"Baba Sikujua," alisema, "mu saloni yako, nani alikuwa anamujua mutoto wangu?"

"Wote, mama."

"Nani aliongea?"

"Mimi."

"Wewe ulifikiri nini?"

Mardochée aliangalia chini. Pipa lilichemuka. Assumani alitafuta mzaha, hata mudogo, asiupate.

"Nilifikiri ni mimi peke yangu nimemuona," alisema. "Nilikosea."