Printa ya Shemeji

Nangila hakuzoea kushindwa na mashine. Alikuwa amepiga taipu ofisini miaka mingi, na sasa alitengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba ya ibada, nyumbani kwake mtaani Kapsoya, kwa kompyuta na printa ambazo shemeji yake Murunga alimletea kutoka Amerika.

Lakini printa, iliyotumia karatasi ndefu ya kurasa zilizoungana, ilikuwa imepangiwa kurasa za huko, fupi kuliko zetu, na kila ukurasa ulianzia kwenye mkia wa ule uliotangulia. Jirani yake, Mama Adongo, alikuwa ameketi kwenye kochi akingoja programu ya babake, aliyekuwa anazikwa kesho.

Nangila alifungua kifuniko cha printa akageuza kiswichi cha urefu wa karatasi kwa ncha ya kisu, vile kitabu cha maelekezo ya printa kilisema. Akachapisha. Vilevile! Akakirudisha, akakigeuza tena. Vilevile!

"Wewe printa, unanichezea?"

Kuizima hakuthubutu. Murunga alikuwa amemwonya kwamba mashine ikizimwa ovyo itaungua.

Ghafla stima ikapotea mtaa mzima. Nangila akalaani kila mtu aliyemjua.

Iliporudi, printa ikanguruma. Akabonyeza kitufe cha kusukuma karatasi, nayo ikasimama sawasawa kwenye mkato unaotenganisha kurasa. Kumbe ilikuwa inataka kuzimwa na kuwashwa tu ndipo itii kiswichi!

"Haya, chapisha sasa!" Mama Adongo akashangilia.

Nangila akageukia skrini. Ilikuwa tupu. Kazi yote ya tangu asubuhi, ambayo hakuwa ameihifadhi, ilikuwa imeenda na stima.

Akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya.

"Mama Adongo, hebu niambie tena. Mzee alizaliwa wapi?"