Busha la Mtani

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na watani hawaoneani haya. Kila asubuhi, nikipita mbele ya kibanda chake cha kushonea viatu pale Kariakoo, alinipokea kwa sauti: "Watu wa Pwani, mabusha yenu hayajambo?" Nami nilimjibu kwamba babu zake walibeba mizigo mpaka wakasahau kutembea mikono mitupu. Watu walicheka, nikaendelea na safari yangu ya Mchafukoge, kwa daktari wa Kihindi niliyekuwa dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda.

Asubuhi moja, kabla ya Ramadhani, aliniita karibu akaninong'oneza: "Mtani, nadhani mmeniambukiza busha lenu." Nikaangua kicheko. Nikawageukia wanywa kahawa wa jirani, nikawatangazia kwamba Mnyamwezi sasa ni mwenyeji, busha limeshampokea. Walicheka hadi machozi. Yeye naye alicheka, na mimi, mpumbavu, nikaona mambo yamekwisha.

Hakulitaja tena. Ramadhani ikapita, masika ikafurika bonde la Jangwani na maji yakakauka, ndipo nikamwona amekaa kwenye benchi letu la wagonjwa, kofia mkononi.

Busha ni maji. Ukifunga madirisha ukaweka tochi nyuma yake, linang'aa jekundu, kama yai unalolipima juani. Nilifunga madirisha, nikawasha tochi. Hapakung'aa kitu. Vidole vyangu viligusa kigumu kama popoo, kimekaa ubavuni mwa korodani. Nikaacha kutania.

Daktari alipapasa kwa muda mrefu. Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga, mimi ndiye niliyemfasiria. Alisema huu ni uvimbe. Kama umeota kwenye korodani yenyewe, anahofia saratani. Kama umeota pembeni yake, huenda hauna madhara, lakini ni nadra na yeye hajawahi kuuona. Kwa vidole tu hawezi kuapa. "Muulize ulianza lini," aliniambia. Kama umekua haraka, ataiandikia hospitali kubwa waondoe korodani yote bila kungoja. Kama ni wa siku nyingi, ataomba wafungue kwanza watazame, labda watoe kivimbe peke yake.

Nikamuuliza. Mtani wangu alinitazama usoni.

"Wiki mbili," alisema.

Nilijua anadanganya. Lakini kumwambia daktari ukweli ilikuwa ni kukiri kwamba mgonjwa alinijia mapema, nami nikamfanya kichekesho cha barazani. Niliogopa kazi yangu, na zaidi niliogopa uso wa yule daktari mzee. Nikafasiri: wiki mbili. Wala ulimi haukunikwama.

Wakaondoa yote. Alikuwa ameoa mwaka ule ule.

Kipande kilipimwa kwa hadubini, na jibu lilipofika daktari alilisoma mara mbili. Si saratani. Ni kivimbe cha nadra, cha pembeni ya korodani, na hukua polepole sana. "Wiki mbili?" alijisemea. Mimi nilikuwa nimeinama, napanga bandeji ambazo nilikwisha kuzipanga.

Nilikwenda mwenyewe kumpa habari. Alikuwa amerudi kibandani, amekaa upande upande kwa sababu ya kidonda. Nilipomwambia si saratani alimshukuru Mungu, akafumba macho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wamenikata bure?"

Nikasema daktari asingeweza kujua.

Akaweka sindano chini. "Angejua. Wewe ulijua. Siku ile nilipokutazama nilitegemea utanisahihisha." Hakupaza sauti, na wanywa kahawa hawakugeuka. "Mimi nilidanganya kwa sababu niliona haya, mtani. Wewe uliona nini?"

Kesho yake nilikwenda kazini kwa kuzunguka nyuma ya soko, na nikaendelea kuzunguka hivyo mpaka alipohama.