Gitaa la Mlango wa Bibi Robi

Wenzangu mliosoma shule za vijiji vya ujamaa mtakumbuka: asubuhi unakwenda shule na daftari mkono mmoja, jembe mkono wa pili, na mvua ikinyesha jembe ndilo linaingia darasani kwanza lisije likapata kutu. Nyumba zetu zilipangwa kwa mistari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Redio ya kijiji ilikuwa moja, ofisini kwa mwenyekiti, na betri zake zikichoka zilianikwa juani, tukapewa kazi ya kufukuza kuku wasizidonoe. Watoto wa siku hizi simu ikianza kuishiwa chaji wanatetemeka kama wana malaria.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Nyamongo, Tarime, zamani hizo kabla ya mgodi na pikipiki zake. Huko ndiko aliletwa Fundi Selemani kutengeneza madawati. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mpole, aliyekuja Tarime mjini kwa ndugu yake muuza vitambaa. Ujanani alifanya kazi kwa fundi wa magitaa, na ugonjwa ule haukumtoka. Alipomaliza madawati alimwambia mwenyekiti kwamba kwaya ya kijiji inahitaji gitaa na atalitengeneza mwenyewe: la mbao tupu, la nyuzi za nailoni, la kupigwa kwa vidole bila umeme. Umeme wenyewe hatukuwa nao, kwa hiyo hakuna aliyepinga.

Tukitoka shule tulikimbilia kwake. Alikuwa na bomba la chuma analolipasha moto kwa mkaa, kisha anakandamiza ubao mwembamba uliolowa mpaka unapinda kama kiuno cha mtu. Nyuzi zilikuwa mishipi ya kuvulia samaki iliyotoka Musoma, na zile nene alizizungushia waya wa shaba. Gundi alichemsha mwenyewe kwa ngozi na kwato za ng'ombe. Harufu yake iliwavuta mbwa wa kijiji kizima, wakakaa duara na sisi, wote tunatazama sufuria, ila wao ndio waliokuwa na matumaini.

Bibi yangu, Bibi Robi, hakupendezwa. Babu alikuwa mpigaji wa litungu, kile kinubi kikubwa cha Wakurya, na kwa Bibi hapakuwa na chombo kingine duniani. Ulimi wake ulikuwa haujui herufi L. Siku ya kwanza kuliona gitaa alilizunguka, akauliza, "Seremani, hiri ritungu rako nani amerivuta shingo?"

Ugomvi wao hasa ulikuwa juu ya mlango. Babu alipotoka kwenye kibarua Kenya alirudi na mbao za mwerezi, akamtengenezea Bibi mlango uliokuwa ukinukia nyumba nzima. Tulipohamishiwa kijijini Bibi alikataa kupanda mkokoteni mpaka mlango upande kwanza. Tulipofika, nyumba mpya ikawa na fremu nyembamba na mlango haukuingia. Ukabaki umeegemezwa ghalani, na Babu akafariki kabla hajaupatia mahali. Bibi akawa anaulaza uani na kuanika mihogo juu yake. Fundi Selemani aliupiga kwa kidole mara moja tu, akasikiliza, uso wote ukamng'aa. Alipoomba kipande, Bibi alimfukuza na mchi mkononi.

Basi akatumia ubao mbichi wa msituni, maana mgeni kutoka wilayani alikuwa anakuja na mwenyekiti hakutaka kusubiri.

Siku ya mgeni tulivaa sare, tukaimba ngonjera, ng'ombe akachinjwa. Kisha Fundi Selemani akakaa kitini, akaanza. Jamani! Ilikuwa kama maji yanashuka kwenye mawe. Kwaya ikaingia taratibu, akina mama wakaanza kutikisa mabega. Tulipofika ubeti wa pili, jua likiwa kali kweli kweli, gitaa likapasuka, paa! Kile kijiti kinachoshika nyuzi kikaruka kikatua kwenye sahani ya mgeni. Mgeni alikuwa amesikia mengi kuhusu wizi wa ng'ombe wa Tarime. Alidhani ni bunduki. Alipotea chini ya meza haraka, na mwenyekiti, kwa heshima, akamfuata.

Kijiji kilicheka wiki nzima. Fundi Selemani hakucheka. Watoto walianza kumwita Fundi Paa, na siku moja mchana nilimkuta anafunga misumeno yake kwenye baiskeli. Nikakimbia kumwambia Bibi, maana fundi alikuwa bado hajamtengenezea kigoda alichomwahidi. Bibi alikwenda mbio kuliko mimi.

"Shikamoo, Bibi," alisema fundi bila kuinua uso.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Narudi Tarime, Bibi. Nitatengeneza vitanda. Kitanda kikipasuka, anajua mwenye kitanda peke yake."

Bibi hakucheka. "Kwa nini riripasuka?"

"Ubao ulikuwa mbichi. Ulipopigwa na jua ukajikunja."

Bibi akatazama baiskeli, akatazama lile gitaa lililofumuka pembeni. "Kabra harijapasuka," alisema polepole, "ririria vizuri. Nirimkumbuka mzee wangu."

Kisha akanigeukia mimi. "Bhoke, kaondoe mihogo."

Fundi Selemani alipoelewa alikaa chini palepale mavumbini. Siku aliyoupasua ule mlango kwa msumeno, Bibi alikwenda kushinda mtoni, akasema ana nguo nyingi za kufua. Alibeba kitenge kimoja.

Gitaa la pili lilichukua msimu mzima. Safari hii mwenyekiti alipouliza lini, Bibi ndiye aliyemjibu, na hakuuliza tena. Lilipokamilika, kabla ya kwaya, kabla ya mwenyekiti, Bibi alikaa peke yake mbele ya fundi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Fundi alipiga wimbo mmoja mpaka mwisho. Bibi aliinama akanusa lile tundu la gitaa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Rudia."

Sikukuu ya mavuno lililia tangu asubuhi na halikupasuka. Bibi alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Fundi Selemani alioa kwetu, akazeeka kwetu, akazikwa kwetu. Gitaa aliniachia mimi, na leo lipo ukutani nyumbani kwangu Turwa.

Mwaka jana wajukuu walikuja likizo, umeme ukakatika mchana, wakakaa wamenuna kama msibani. Nikalishusha. Mdogo wao akaligeuza huku na huku, akauliza, "Bibi, linachajiwa wapi?" Nikawapigia wimbo ule ule wa kwaya, vidole vimekakamaa lakini vinakumbuka njia. Walisikiliza, sisemi uongo. Mmoja hata alitikisa kichwa. Kisha umeme ukarudi, televisheni ikapiga kelele sebuleni, wakatoka mbio wakiniacha kabla sijafika kwenye kiitikio. Sisi tulikuwa tunaitikia hata kabla wimbo haujaanza.