Kumvi za Pangoni

Mama yangu alizuiwa kuteka maji kwenye pango la kijiji chetu kwa sababu ya pilau ya harusi yangu. Miaka minane akakaa kwangu Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, akisuka mikeka na kuyatukana maji ya bomba. "Maji gani haya," alikuwa akisema kila akiweka gilasi chini, "hayana hata ladha ya jiwe." Mimi nikicheka. Sikuwa na haki ya kucheka, na sababu yake nitaieleza.

Kijiji chetu kiko uwandani, upande wa mashariki wa Unguja, ambako ardhi ni mawe matupu na mvua ikinyesha hunywewa papo hapo. Mto hatuna. Maji tuliyokulia ni ya pangoni: unashuka vidato vya mawe, unaingia kwenye giza lenye baridi, na miguuni pako unayakuta maji yametulia, meupe hata hujui yanaanzia wapi mpaka uyaguse. Pango lina mvyale wake, yaani mtunzaji anayeyajua masharti ya mahali na kuyasimamia. Mvyale wetu ni mwanamke, binti wa dada yake bibi yangu, aliyelala mkeka mmoja na mama utotoni. Masharti yenyewe ni matatu. Viatu vinabaki nje, chombo chenye masizi kinabaki nje, na chakula hakioshwi mle ndani hata iweje.

Wiki ya harusi yangu mvua za vuli zilikuwa zimekolea. Mama alitwanga mpunga kutwa mbili uani kwake. Asubuhi ya siku ya tatu wanawake wakashuka kuteka, wakakuta kumvi, yale maganda ya mpunga, zinaelea juu ya maji. Kijiji kizima, nani mwengine alikuwa na mpunga siku ile? Mvyale hakupiga kelele. Alimwita mama pembeni, akamwambia atoe kafara, mbuzi na ubani, na maneno yaishe. Mama akakataa. "Nikitoa kafara nshakiri," alisema, "na mimi sikuosha mchele pangoni." Basi akaambiwa asiteke mpaka atoe. Harusi yangu ilipikiwa maji ya kuazima kijiji cha jirani.

Kilichomaliza mambo ni kwamba kumvi hazikukoma. Kila masika na kila vuli zilirudi, mama akiwa kwangu mjini, mbali kabisa na pango. Mtu angedhani hilo lingemsafisha. Wapi! Watu wetu walisema pango linatapika lilicholishwa, na litaendelea kutapika mpaka kafara itoke.

Sasa sababu yangu. Mimi nilimshuku. Nilijua alivyochoka wiki ile, nilijua ndoo zilivyomuuma mabega, nikasema moyoni kwamba labda alishuka na ungo wake mara moja tu, alfajiri, asionwe. Sikumwambia mtu. Nilimpikia, nikampaka mafuta miguu, nikamtetea mbele ya shangazi zangu kwa ukali mpaka wakaniogopa, na muda wote huo nilikuwa simuamini.

Ndipo ofisi inayoshughulikia maji ikaita vijiji vya bondeni, wanakolima mpunga, na vya kwetu uwandani, vikae pamoja vipange namna ya kuutunza mto mmoja, kuanzia chemchemi zake mpaka mwisho wake. Kwetu watu walicheka. Mto upi? Hata hivyo walituma wajumbe, na kwa kuwa mimi ni mwalimu na hati yangu inasomeka, nikatakiwa niwe mwandishi wa mkutano. Mimi na mikutano hatupikiki chungu kimoja: watu hula sambusa, husaini karatasi, hurudi kwao na shida zao zilezile. Nilikubali kwa sababu mama aliomba twende wote. Hakusema kwa nini, lakini nilijua kwamba mvyale atakuwepo, na kwamba walikuwa hawajaonana tangu siku ile.

Tulikutana katika skuli iliyo katikati ya pande mbili. Bwana wa maji, kijana mstaarabu aliyevaa viatu vya mvua ingawa jua lilikuwa kali, aliondoa madawati, akatugawia chaki. Akatuambia kila upande uchore sakafuni maji yake unavyoyajua wenyewe. Watu wa bondeni walianza kwenye vilima, wakachora vijito, makonde, daraja, mashine ya kukobolea mpunga, na mto ukipita katikati mpaka kwenye duara moja kubwa. Hapo wakaacha. "Hapa ndipo shimo," alisema mwenye mashine, mtu mzima mwenye sauti nzito. "Mto unaingia, basi. Umeshakufa." Wanawake wa kwetu nao walichora mapango, kila moja na njia yake. Baina ya duara la wenzetu na mapango yetu palibaki sakafu tupu, pana kama mkeka wa watu wanane.

Bwana wa maji aliuliza nini kinaingia mtoni. Majibu yalikuwa ya kawaida, mbolea, nguo zinazofuliwa, mbuzi waliokufa. Kisha mwenye mashine akasema bila ya wasiwasi wowote, "Na kumvi. Sie kumvi zote twatia shimoni, tangu mashine ilipokuja. Zichomwe za nini? Mto unazichukua na shimo halijai."

Kalamu ilinisimama. Nilimuuliza mashine ilikuja lini, na sauti yangu haikuwa ya mwandishi. Akafikiri, akahesabu kwa umri wa mwanawe, akasema mwanawe yuko darasa la pili, na mashine ilifungwa mwaka aliozaliwa. Miaka minane.

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa chini ukutani, ameunyoosha mguu wake unaouma, anaitazama ile sakafu tupu. Mvyale alikuwa upande wa pili, naye anaitazama hiyohiyo. Kisha mvyale akasema taratibu, "Kutoka huko mpaka kwetu ni mwendo wa asubuhi nzima, juu ya mawe. Maji hayatembei ndani ya jiwe."

Bwana wa maji alisema anayo dawa ya rangi, isiyodhuru, ambayo ikitiwa shimoni itaonekana itakapotokea. Mvyale akaruka. "Hamutii dawa katika maji ya watu!" Na kwa hilo, nakiri, nilikuwa upande wake. Mkutano ukataka kuvunjika. Mama ndiye aliyesema, na hakumsemesha mvyale, alimsemesha yule kijana: "Mwanangu, tia miyaa, majani ya kusukia. Miyaa ya mkeka haina dhara, inaelea, na pangoni mikeka ishaingia mara ngapi. Nnayo niliyoitia rangi ya zambarau mwenyewe, hakuna mwengine Unguja mwenye rangi ile." Hilo lilikuwa kweli. Sufuria yangu aliyochemshia mpaka leo haifai kwa wali.

"Na isipotokea, bi mkubwa?" akauliza kijana.

"Isipotokea, ntatoa kafara."

Mtu aliyekataa miaka minane, leo ameiweka heshima yake juu ya vipande vya majani. Nilimvuta kanga nikamnong'oneza aache. Akauvuta upindo wake mkononi mwangu.

Mvua za kwanza kubwa zilipopita, tulikwenda shimoni, mimi, mama, bwana wa maji na wajumbe wa pande zote. Mvyale hakuja, alibaki pangoni na wanawake wa zamu. Nilikuwa nimeandika neno "shimo" kwenye daftari langu mara ishirini bila kujua naandika nini. Tulisikia kabla ya kuona. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo na vifuu, unakuja kwa kishindo baina ya mipera na minazi kama mto wowote duniani. Kisha ukafika kwenye jabali, ukainama, ukaingia chini ya ardhi kama maji ya vyombo yanavyoingia kwenye tundu la karo. Mto mzima. Ng'ambo ya lile jabali palikuwa na majani makavu na kuku anaparura. Nilisema Subhanallah, na sikuisema kwa mazoea. Niliogopa. Miaka yote ya umri wangu nimeishi kisiwa hiki, nimefundisha watoto jiografia yake, na sikujua kwamba kinafanya hivi.

Mwenye mashine mwenyewe alisimama ukingoni anautazama mto. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama pale akiwa hana gunia mabegani.

Mama alifungua fuko lake. Alikuwa amekata miyaa vipande vya urefu wa kidole, fuko zima, kazi ya wiki tatu. Alisoma kitu ambacho sikukisikia, akamimina. Zambarau ilizunguka mara mbili juu ya maji mekundu na ikatoweka. Tukapanda gari sote, na mwenye mashine, kurudi uwandani. Njia nzima nilitazama nje: mawe, vichaka, mbuzi wanatafuta majani, vumbi limesharudi juu ya njia. Chini ya magurudumu yetu kulikuwa na mto unakwenda, au hakukuwa na kitu, na sisi juu hatukuwa na namna ya kujua. Nilitaka kuinua miguu.

Pangoni wanawake waligawana zamu, mmoja wa kwetu na mmoja wa bondeni kila mara, ili asije mtu akasema mwengine ameitia kwa mkono. Kila ndoo ilimiminwa juu ya kitambaa cheupe. Siku ya kwanza zilitoka kumvi tu. Watu wa bondeni walizitambua, lakini mvyale akasema kumvi hazina jina la mwenyewe. Siku ya pili, kumvi. Mama alikaa mlangoni mwa pango, nje, pale anapobaki mtu mwenye viatu, ingawa alikuwa pekupeku. Hakuruhusiwa kushuka wala hakuomba. Ile shuku yangu ya zamani ikanirudia, nikaionea aibu, nayo haikuondoka.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, mvyale alishuka mwenyewe kuteka ya kutawadhia. Haikuwa zamu yake. Alikaa sana. Nilipochungulia nilimwona amesimama ndani ya maji mpaka vifundoni, ameinama juu ya kitambaa, mwanamke wa zamu amemshikia taa ya simu. Hakuita. Alipanda vidato kimoja kimoja, akatoka juani na mkono ameufumba, akaufumbua mbele ya mama. Vipande vinne. Vimelainika, vimepauka kidogo, lakini zambarau ile ilikuwa zambarau ya sufuria yangu.

Nilisahau ugomvi wote. Niliwaza tu lile giza. Ule mwendo wa asubuhi nzima ndani ya jiwe, siku tatu bila jua, na majani haya yaliyokatwa Mji Mkongwe kwa mkasi wangu wa kushonea yamepita huko na kutoka. Bibi zetu wote walikunywa mto huu wakaitwa watu wasio na mto. Nililia waziwazi, mbele ya bwana wa maji, na yeye akavua kofia.

Mvyale aliita wanawake wote, wa kwetu na wa bondeni. Nilitaka aseme hadharani, na nilikuwa tayari kumkaripia asiposema. Hakunipa nafasi. "Miaka minane nimemzuia ndugu yangu maji," alisema. "Hakukosa kitu. Mimi ndiye niliyekosa. Kama kuna kafara, ntaitoa mimi." Kisha akamgeukia mwenye mashine na wenzake. "Na nyie huko shimoni mna masharti gani?"

Hawakuwa na sharti hata moja.

"Basi mlango wa pango uko kwenu, na sie tulikuwa tunalinda uani. Andika, mwalimu. Viatu nje, masizi nje, chakula hakioshwi. Huko huko juu, kwenye shimo."

"Na kumvi?" akauliza mwenye mashine.

"Kumvi zako kawape wenye kuku."

Mama mmoja wa bondeni akauliza, nusu kwa mzaha, kama na wao watavua viatu kila wakenda shimoni. "Vueni," alisema mvyale. Niliandika. Mpango ule una kurasa nyingi sasa, una zamu za kupanda miti kwenye kingo na ramani iliyochapwa vizuri, lakini kanuni yake ya kwanza ni ile, nami niliiandika nikiwa nimekalia jiwe na daftari magotini.

Mvyale alimpa mama kamba ya ndoo. Mama alivishuka vile vidato bila ya kushika ukuta, kama asiyewahi kuondoka. Nilimfuata. Aliteka, akachota kwa kata, akanywa, akafumba macho kwa muda. Nilingoja aseme habari ya ladha ya jiwe. Badala yake alichota kata ya pili, akaninyooshea mimi.

"Kunywa na wewe," alisema. "Najua hukuwa ukiniamini."

Nilinywa mpaka tone la mwisho.