Nane Kando ya Mashua

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, yule mama anayewapeleka wageni kuvua maski, wale samaki wakubwa wa maziwa ya baridi, hunoa ndoano kwa tupa, kisha huijaribu kwenye ukucha wa dole gumba; isipokwaruza, hunoa tena. Vidole vyake vimejaa makovu ya meno ya samaki hao. Chambo kikirudi kitupu hakitoi majini: hukizungusha kando ya mashua, akichora umbo la nane polepole, maana maski hufuata chambo hadi ubavuni.

Mgeni wake safari hii, Signe, mfanyakazi wa maktaba, alikuwa akirusha chambo tangu Ijumaa bila samaki kukigusa, na ziwa lilikuwa karibu kuganda. Akaanza kuinua chambo.

"Zungusha, binti! Unakimbilia wapi, umeacha chungu jikoni?"

Signe akazungusha. Kivuli kirefu kama mtoto wa shule kikapanda kutoka chini, kinywa kikafunguka, ufito wake wa kuvulia ukapinda.

"Huyo! Mpe kamba! Usimvute, wee!"

Samaki alipoingia wavuni, yule mama akaikata ndoano kwa koleo, akamshika mkia ndani ya maji ya baridi mpaka samaki akapata nguvu na kuchomoka. Yule mama akabaki anacheka, mikono ikimtetemeka.

"Miaka yote hii, bado unatetemeka hivyo?" Signe aliuliza.

"Kwa kila mmoja."