Kimya Wanachonipa Karakanani

Siku hizi nachoka kabla mashine haijawaka. Nimesimama miaka mingi mbele ya tour, mashine ya kukereza chuma, katika karakana yetu ya Ruashi, na magoti yananiuma tangu asubuhi. Lakini magoti si kitu. Kilichokuwa kikininyima usingizi ni masikio, na hilo sikumwambia mtu, hata mke wangu, ambaye alidhani nimeanza kumpuuza. Fundi wa kukereza asiyesikia hupewa ufagio. Nilimwona mmoja, na niliona jinsi alivyoushika.

Mtu wa nje atauliza masikio ni ya nini kwenye chuma. Chuma cha mviringo kisicho na dosari kinajikereza chenyewe, karibu usinzie. Shida ni shafti yenye mifereji ya kabari iliyochongwa ubavuni. Ikizunguka, kisu kinakata, kinafika kwenye mfereji na kukata hewa, kisha kinajigonga ukingoni, tena na tena. Na kwenye ncha ya kisu tunafunga plaquette, kipande kidogo cha kabidi chenye pembe kali. Kabidi ni ngumu ajabu, ila haipendi kugongwa. Nachagua nene, naenda polepole, na maji simwagi, maana moto na baridi vikipokezana inapasuka. Baada ya hapo linabaki sikio. Plaquette ikiwa nzima unasikia tak, tak, tak, kavu. Ikianza kumeguka mlio unakuwa mzito, nawe una sekunde chache za kuvuta kisu nyuma.

Ndiyo maana zamani niliweka sheria yangu. Nikiwa kwenye shafti ya namna hiyo nainua mkono, na kila mtu anazima meule yake, mashine ya kusagia chuma, na kuweka nyundo chini. "Munyamaze kwanza, niko nasikia kisu!" Nilikuwa mkali mno. Walinitania kwamba hata nzi wa karakana wanaomba ruhusa kwangu, lakini walizoea.

Asubuhi moja mama mmoja wa mtaa wa Hewa Bora alileta shafti ya mashine yake ya kusaga mahindi. Ilikuwa imelika. Mchomeleaji wetu, mwenzangu wa miaka yote, aliijaza kwa soudure, chuma cha kuyeyushwa, basi juu ya mifereji miwili kukawa na manundu pia. Mama alikaa kwenye benchi, kikwembe cha kiunoni kimemlegea, akiitazama.

"Papa, bantu iko nangojea bunga," aliniambia, kwa sauti kubwa, nashukuru.

Niliinua mkono. Karakana ikanyamaza. Nikawasha, nikaingiza kisu, na nikasikia vizuri kabisa: tak, tak, tak. Nilifurahi, nasema kweli. Nilijiambia kwamba nilikuwa najitia hofu bure, kwamba kula chumvi nyingi si ugonjwa.

Ghafla mkono wa mwenzangu ukapita mbele ya kifua changu na kubonyeza kitufe chekundu.

"Vieux, mzee wangu, plaquette ilivunjika! Hausikie?"

"Niko nasikia."

"Uko nasikia nini?"

Mashine ilikuwa imesimama. Mimi bado nilikuwa nasikia tak, tak, tak, kavu, ya plaquette nzima. Sijui ilianza lini kupiga kichwani mwangu peke yake.

Shafti ilichimbika vibaya. Mama alisimama akauliza iko namna gani, nami nikageuka kumjibu. Mwenzangu akanitangulia.

"Mama, ni soudure yangu ilikuwa mubaya. Nitairudilia. Rudi kesho."

Soudure yake haikuwa mbaya. Mtu huyo hajawahi kuchomelea vibaya hata akiwa na malaria. Nilijitia hamnazo, nikaanza kufuta mashine iliyokwisha kuwa safi. Niliona aibu, na uchovu wangu wote ukanishukia mabegani kwa mara moja.

Kesho yake mama alirudi mapema, akakaa kwenye benchi lile lile. Shafti ilikuwa imejazwa upya na plaquette nyingine imefungwa. Nilipoikaribia tour, wote walizima meule kabla sijainua mkono. Wamezoea kunitii, maskini. Hapo ndipo niliposhindwa kuficha zaidi.

"Mama," nikasema, "soudure yake ilikuwa muzuri. Ni masikio yangu njo imekufa."

Hakuna aliyecheka. Mama alitazama shafti, akanitazama mimi, akaketi vizuri zaidi. Nilimwita mwenzangu asimame nyuma yangu na kuniwekea mkono begani, anibane mlio ukibadilika. Alivua glavu akaja. Mkono wake ulikuwa mzito na wa moto.

Mmoja wa mafundi kule nyuma aliangusha spana. Niligeuka, si kwa kuisikia bali kwa kuwaona wengine wakishtuka.

"Munyamaze," nikasema. "Yeye iko nasikia kisu."