Udongo wa Juu

Kinyaa kilinianza kabla sijaliona shimo lenyewe. Nilikuwa nashuka kwa miguu katikati ya migomba, upande wa Suma, na harufu ikanipokea njiani: maji yaliyolala, pampasi, na mbwa aliyekufa ambaye mtu alimvuta mpaka pale akamsukumia chini. Nilifika ukingoni nikaziba pua kwa kanga. Shimo la changarawe lililokwisha kazi lina njia yake ya kumkaribisha mgeni.

Mimi nakadiria gharama za kufukia mashimo kama hayo. Anayechimba changarawe anatakiwa aweke dhamana, yaani fedha inayokaa kando, ili akiondoka bila kusafisha alichochafua, kiwepo cha kumlipa mwingine aje afukie. Nikieleza hivyo kwenye harusi watu huitikia kwa heshima. Hawajui kwamba muda mwingi nabishana na wanaume wazima wanaotaka kuharibu shamba la mtu kwa bei ya kupaka rangi ukuta.

Shamba lilikuwa la mama mmoja mjane. Alikodisha nusu yake kwa mkandarasi wa barabara, akabaki na nyumba na migomba michache. Alikuwa na sharti moja tu, na alilisema mbele ya watu: changarawe wachukue, hiyo haipikwi, lakini udongo mweusi wa juu wauweke pembeni, na wakimaliza waurudishe ili apande migomba yake tena. Wakakubali. Ulichotwa, ukarundikwa karibu na choo chake, na kwa muda alipita hapo kila asubuhi akiutazama kama mtu anavyotazama ng'ombe wake.

Makadirio ya kwanza aliyafanya mwenzangu kabla sijahamia ofisi ile, naye ni mtoto wa hapahapa. Aliweka gharama ya greda, ya mafuta, ya vibarua na ya miche. Kwenye udongo akaandika sifuri. Simlaumu sana. Sisi wa Rungwe tumekulia juu ya udongo mweusi, na hakuna aliyewahi kuupa bei. Ukienda kwa jirani kuomba debe la udongo wa kukandikia jiko, anakushangaa kwamba umeomba. Ingekuwa ni kuandika bei ya mvua.

Halafu parachichi zikaanza kulipa. Kila mwenye ua mpana akafungua kitalu cha miche, na kila mche unataka kiriba, kile kimfuko cheusi cha plastiki, na kila kiriba kinataka udongo mzuri. Nilipofika kwenye lile lundo, lundo halikuwepo. Palikuwa na kipara cha ardhi na alama za matairi.

"Lundo liko wapi?" nilimuuliza msimamizi wa mkandarasi, mwanamume mwenye gambuti safi kuliko sahani zangu.

"Mvua, dada. Mvua za huku unazijua."

"Mvua yenye matairi?"

Akacheka. Hakuona aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichefua kuliko mbwa. "Ah, vijana walichota kidogo, wakapeleka kitaluni Kyimo. Lakini usiumize kichwa. Taka za mjini si zinatafuta pa kwenda? Tunaleta za mtaa wa Bagamoyo, hapo mjini kwetu, tunajaza, juu tunapaka udongo kidogo. Wewe unaandika gharama ndogo, ofisi inafurahi, mama anapata uwanja."

Alisema "tunapaka" huku mkono wake ukienda mbele na nyuma, kama anayepaka siagi kwenye mkate. Nilitema mate. Niliyatema pembeni ya gambuti zake, na nilitamani ningekosea shabaha.

Nikarudi ofisini nikafanya makadirio upya: udongo wa kununua, wa kupakia, wa kusafirisha mpaka Suma. Jumla ilivimba. Bosi wangu aliitazama, akaniangalia juu ya miwani.

"Udongo unanunuliwa wapi Rungwe hii?"

"Kyimo, kitaluni. Nimeulizia bei."

Hakupenda jibu. Akasema kuna njia nyingine: mwenye shamba akikubali mpango wa ukarabati ubadilishwe, akaweka dole gumba, udongo hautadaiwa tena na dhamana itashuka. Akanituma nikashuhudie. Kwa hiyo kila kitu kikabaki kwenye dole gumba la yule mama. Akilibonyeza, atakufa akiwa na jalala mlangoni. Nilikaa mbele ya gari siku ile nikiwa na hasira na kila mtu, na mimi mwenyewe nimo, kwa kuwa nilikuwa nalipwa posho ya kwenda kuangalia.

Msimamizi alikuja na pick-up imejaa miche ya parachichi. Akaipanga uani kwa mistari, mizuri kweli, majani yanang'aa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi mbichi. Akaweka kisu chini.

"Hii ni zawadi, mama," msimamizi alisema. "Utaachana na migomba, utakuwa tajiri. Weka dole hapa tu."

"Ndaga fijo," mama alishukuru. Akainama, akakishika kiriba kimoja, akakipima uzito mkononi. "Udongo wake mzuri. Mmeutoa wapi?"

Nilidhani msimamizi atadanganya. Walau adanganye. Lakini alishazoea sana.

"Ni wa hapahapa kwako, mama! Miche haitapata shida ya ugeni."

Akacheka tena, akanigeukia ili nami nicheke.

Mama alikiokota kisu chake. Alikichana kile kiriba kwa kisu cha ndizi, akautoa mche taratibu, akaulaza kivulini, kisha akaubeba udongo kwa viganja viwili mpaka kwenye kile kipara karibu na choo. Akaumwaga. Akarudi, akachana kingine. Akaenda, akamwaga. Msimamizi alisema mama, mama, unaharibu, miche hii ni ghali. Mama alichana kingine. Nilijikuta nimevua viatu na kuweka mkoba wangu wa kazi kwenye kigoda. Nilichana vya mstari wa nyuma.

Tulipomaliza palikuwa na kilima cha kunifika gotini, na miche imelala mizizi nje. Msimamizi, uso umemshuka, akasogea na kidau cha wino kikiwa wazi.

"Basi mama, weka dole. Tumalize."

Mama akamwonyesha mikono yake, myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Nimechafuka, mwanangu. Ngoja ninawe."

Akaingia ndani, na tukasikia komeo. Tulimsubiri uani, msimamizi na kidau chake, mimi na miguu yangu mitupu, mpaka mvua ikaanza. Nilichukua turubai la pick-up bila kuomba, nikaenda kukifunika kile kilima.